Kurasa Zisizo na Uzi

9 Januari

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, cherehani inazunguka na wateja wanakusumbua kama kawaida yao. Sisi huku wazima. Goti linamtesa wifi yako akipanda ngazi, lakini mdomo wake hauna goti, kwa hiyo usimwonee huruma sana. Kijana wetu mkubwa amepata kazi ya kupima viwanja, anarudi kila jioni vumbi tupu na kicheko kingi. Anakusalimu shangazi yake.

Sasa yetu. Ndani ya bahasha kuna sura kumi za kwanza za kitabu cha kumi na mbili. Ndicho cha mwisho, Dada. Miaka ishirini na mitatu tumekaa katika Nchi ya Funguo, na sasa lazima nifunge lango. Mhariri anasema wasomaji wanaandika kila wiki kuuliza nani atapewa Ufunguo Mkuu siku Mama wa Lango akifa.

Nimeacha pambizo pana kama kawaida. Shona uzi mwekundu pale nilipovunja sheria ya nchi yetu, uzi wa buluu pale unapotilia shaka. Mhariri alipoziona kurasa zako za kitabu kilichopita aliniuliza kama mimi ni mwandishi au mshona mapazia. Nikamwambia nina dada fundi nguo, husoma kwa sindano. Alicheka sana.

Nina maswali mawili. Mwanamume akifiwa na mke, anakaa siku ngapi katika nyumba ya mkewe kabla ya kurudishwa kwa mama yake? Na zile ndevu wanazosuka siku ya kuolewa, wanazifumua hadharani au chumbani? (Bado nacheka nikiandika "aliolewa" juu ya mwanamume mwenye ndevu.) Nimetafuta katika vitabu vyangu mwenyewe sioni. Lazima majibu yamo katika daftari lako la sheria za nchi ile.

Mdogo wako.

4 Februari

Kidole wangu,

Jina hilo sitaliacha hata uandike vitabu mia. Mtu aliyenyonya kidole mpaka darasa la pili hana haki ya kulalamika. Nashukuru kusikia nyote mko salama. Mwambie wifi goti lisipewe nafasi ya kukaa tu, litazoea. Mimi sijambo. Binti yangu anaendelea na ualimu, wanafunzi wamemwita Chaki na yeye anajifanya hajui. Duka lipo. Msimu wa sare za shule umeisha, sasa ni viraka na zipu.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu taa ya dukani imekuwa hafifu. Fundi umeme amekuja mara mbili, anasema haina kasoro. Mimi ndiye ninayekaa chini yake, namwambia ina kasoro.

Majibu yako: ni siku tisa. Na ndevu wanazifumua hadharani. Umesahau kwamba katika nchi ile kulia ni kazi ya wanaume? Kazi haifanyiwi chumbani. Mwenye ufunguo ndiye asiyelia mbele za watu.

Nyuzi nyekundu ni kumi na mbili, si nyingi. Si kama kitabu cha tatu, ulipoandika "alimwoa" sura nzima kwa mazoea, mpaka kurasa zikawa hazikunjiki kwa nyuzi. Ila sura ya nne umemfanya mwanamke aombe ruhusa ya kutoka nyumbani kwake. Amwombe nani? Mlango?

Kidole, nina ombi, na sijawahi kukuomba. Hiki ni cha mwisho. Jina langu liandike humo. Sitaki jalada, jalada ni lako. Ukurasa wa ndani, mstari mmoja, useme nchi hii tuliitunga wawili. Basi.

Dada yako.

23 Februari

Dada,

Nyuzi zote kumi na mbili nimezifuata. Yule mwanamke wa sura ya nne sasa anatoka bila kumwomba mtu, tena anaubamiza mlango. Bila wewe ningekuwa kichekesho cha mji. Mwenye macho haambiwi tazama, na wewe macho yako ni ya mwewe.

Huku tumepata mvua, paa la jikoni linavuja na kijana aliyejua kupima viwanja vya watu hajui kupima bati la mama yake.

Hilo la jina tutalizungumza. Mhariri ana taratibu zake, na jalada limeshachorwa. Wewe unajua, mimi najua, na damu ni nzito kuliko maji. Wasomaji wao wanataka hadithi tu.

Na hadithi nimeipata, Dada! Sikiliza. Mama wa Lango yuko kitandani. Watoto wake wawili wamesimama kando: Binti wa Kwanza, na yule mwana mwimbaji anayependwa na kila mtu. Unajua barua ninazopata juu ya yule mwana? Magunia. Juu ya Binti sijapata hata tano, ni mkimya mno, wasomaji wanamsahau. Basi Mama anampa mwana Ufunguo Mkuu. Watu wote wanashika vinywa. Anautia mlangoni, na lango linafunguka! Itakuwa sura ya thelathini na moja. Mhariri nilipomsimulia alisimama kwenye kiti.

Niambie umependa.

2 Aprili

Kidole,

Salamu kwenu. Pole kwa paa. Sisi tuko, binti yangu alipata homa lakini imekwisha. Usishangae herufi zangu zimekuwa kubwa. Uzee huo, naandika kama mtu anayezungumza na kiziwi.

Sijapenda. Na usinivike kilemba cha ukoka eti macho ya mwewe, halafu unipige chenga kwenye la maana.

Kwanza sheria. Chuma cha funguo kilichimbwa kwenye ardhi walikozikwa mama wa kwanza. Kinageuka kwenye mkono wa mwanamke tu. Uliandika hivyo mwenyewe, kitabu cha kwanza. Lakini hilo silo linaloniuma. Sheria tulizitunga wenyewe, tukitaka tunazitangua. Kama Mama wa Lango angekuwa hana binti, ningekwambia mpe mwana, nchi zinabadilika, hata wale wasuka ndevu wamechoka kukaa jikoni.

Ila binti yupo. Amesimama hapo hapo chumbani. Vitabu vitano amejifunza kulitunza lango, anajua bawaba ipi inalia na ipi inahitaji mafuta. Na mama yake anamruka kama kidimbwi cha maji. Kwa nini? Hukuandika sababu hata moja. Eti mkimya. Nani aliyewahi kumpa neno la kusema?

Kabla hujaandika sura hiyo, kaa chini ujiulize hayo umeyaona wapi. Sitasema zaidi. Asiyesikia la mkuu unajua kinachompata.

Na lile ombi langu bado liko mezani kwako.

Dada yako.

15 Aprili

Dada,

Salamu. Wote wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nikaumia kuliko ya kwanza. Nimeyaona wapi? Nimeyaona kichwani mwangu, ndiko mwandishi anakoona. Daftari ni lako, sikatai, lakini kurasa elfu tano ni mimi niliyekaa nazo mezani mpaka mgongo ukapinda. Miaka yote nimefuata uzi wako kama ng'ombe wa kamba. Safari hii naomba nipumue.

Hata hivyo sitaki tugombane uzeeni. Sura ya thelathini na moja hii hapa, nimeiandika kama nilivyoiona. Isome kwa utulivu. Tufanye hivi: ukitia uzi mwekundu hata mmoja kwenye sura hiyo, naapa kwa kaburi la Mama nitaifuta na kuiandika upya. Zikirudi kurasa hazina uzi, nitajua umeridhia, na tutaacha maneno. Mchapishaji anaitaka kabla Juni haijaisha.

Mdogo wako, aliyechoka.

11 Juni

Kurasa zako hizi. Samahani kwa kuchelewa. Sote wazima, msalimie wifi.

Dada.

24 Juni

Dada yangu, dada wa pekee,

Nilifungua bahasha hata kabla ya kukaa. Nikageuza ukurasa wa kwanza, hamna. Wa pili, hamna. Nikapitisha kidole kwenye pambizo zote thelathini na nane kama kipofu anayetafuta swichi ya taa. Hakuna uzi! Hata wa buluu! Nilimwita wifi yako aje ashuhudie, akaja na goti lake.

Sikujua kama una moyo mkubwa hivyo. Nilijiandaa kwa vita, nawe umenipa amani. Kurasa zimekwenda kiwandani siku ileile.

Kuhusu jina: nimeandika mwishoni "Shukrani kwa familia yangu kwa uvumilivu wao." Humo umo. Naamini utaelewa.

Kijana amechumbia, mambo ya kusimulia ni mengi. Nilipiga simu Jumapili, binti yako akasema umelala. Saa kumi alasiri, Dada? Tangu lini?

8 Septemba

Dada,

Barua mbili hujajibu. Nilipiga simu mara nne, binti yako anapokea, anasema hujambo, unapumzika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nimeanza kuusikia.

Kitabu kimetoka. Nimekutumia nakala tatu. Kinauzwa vizuri kuliko vyote. Walinifanyia mkutano wa wasomaji kwenye ukumbi wa maktaba, viti havikutosha. Mama mmoja wa makamo alisimama akauliza: "Wewe ni mwanamume. Ulijuaje kuwaza nchi ambayo mwanamke hawezi kutolewa mahali pake?" Nikamjibu kwamba nilikulia katikati ya wanawake hodari. Wakapiga makofi.

Moyoni nilikutaja. Nataka ujue hivyo.

Lakini niliporudi nyumbani sikuweza kula. Wifi yako aliniuliza nimeudhiwa na nani. Nikasema ni joto la ukumbini.

Niandikie, hata mstari mmoja. Kama nimekosa, niambie.

20 Oktoba

Mdogo wangu,

Barua hii inaandikwa na mpwa wako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kuipamba. Salamu zenu zimefika. Hongera kwa mchumba wa kijana.

Sioni tena, Kidole. Daktari anasema ni presha ya macho, imenila kidogo kidogo kutoka pembeni. Kilichokwenda hakirudi. Jicho la kushoto limebakiwa na mwanga wa dirisha, la kulia hata huo halina. Taa ya dukani haikuwa na kasoro. Nilimtukana fundi wa watu bure, na nimemwomba radhi. Cherehani nimeiuza kwa msichana niliyemfundisha. Nilificha, kama wanavyoficha wajinga, na mficha maradhi unajua mwisho wake.

Sura yako ya thelathini na moja sikuisoma. Nilikaa nayo wiki saba. Siku moja nikachukua uzi mwekundu, nikashindwa kuutunga kwenye sindano, nikajichoma, nikamwita mwanangu akanitungia. Akaniuliza, "Nishone wapi, Mama?" Nikamwambia aache. Sikuona hata mstari, ningeshona wapi?

Utauliza kwa nini sikumwambia anisomee. Kwa sababu angejua. Miaka yote alidhani namrekebishia mjomba wake tahajia. Ningemwambia, "Tia uzi hapa, hapa sheria imevunjwa," angeuliza sheria ya nani, na ningelazimika kumweleza vitabu vya mjomba wake vilitoka wapi. Nilikuwa nakulinda. Kiapo chako nilikikumbuka, na niliporudisha kurasa zile bila uzi nilijua utakavyozisoma. Nilifunga bahasha nikalia, mimi mwenye ufunguo.

Sasa anajua. Nimemwambia mwenyewe, na ninakwambia na wewe, maana hatujawahi kulitamka.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa wa pili darasani. Baba alisema nyumba moja msomi mmoja anatosha, na msomi ni mwana. Mama alikuwa anakunja nguo. Nilimtazama aseme neno, akaendelea kukunja. Kesho yake wewe ulikwenda shule, mimi nikabaki. Nikachukua daftari langu la hesabu lililokuwa halijaisha, nikaandika sheria ya kwanza: mwanamke ndiye mwenye ufunguo, na hakuna atakayemtoa mahali pake. Uliporudi ulikaa kitandani ukalia kwa ajili yangu. Ulilia mpaka kwikwi. Ndipo nikaandika sheria ya pili, kwamba katika nchi hii wanaume ndio wanaolia, nikakupa nusu ya nchi. Hukuniomba. Nilikupa kwa sababu ulilia.

Ukumbini ungesema hayo. Yangekuwa maneno machache tu.

Dada yako.

(Mjomba, ni mimi. Mama hajui nimeongeza hapa. Nakala ulizotuma zimefika, namsomea kila siku nikitoka kazini. Tumefika sura ya kumi na tisa.)

3 Novemba

Dada,

Sina salamu za kuanzia, nisamehe. Nimekaa na barua yako siku nane.

Nilijua. Nataka nianze na hilo, usije ukadhani nilisahau. Kitabu cha kwanza kilipokubaliwa, mhariri wa wakati ule aliniuliza wazo nimelipata wapi. Nilifungua mdomo nikutaje, nikaona aibu. Niseme limetoka kwa dada yangu ambaye hakumaliza shule? Na kwa nini hakumaliza? Ili nimalize mimi. Nikasema ni langu. Cha pili kilipotoka ilikuwa vigumu zaidi kusema, na cha tatu ikawa haiwezekani. Kila nilipokutumia kurasa ushone, nilikuwa najidanganya kwamba hiyo ndiyo sehemu yako na inatosha.

Uliponiuliza yale nimeyaona wapi nilikasirika kwa sababu nilijua jibu. Nilikuwepo chumbani siku ile Baba aliposema. Mimi ndiye yule mwana. Ila naapa, Dada, nilipokuwa naandika sikuona. Niliona lango linafunguka, nikafurahi.

Nimekwenda kwa mhariri. Nimemwambia kila kitu, sikubakiza. Hakusimama kwenye kiti safari hii. Chapa ya pili itakuwa na majina mawili, juu kabisa, kwenye jalada, lako la kwanza. Na sura ya thelathini na moja naifuta. Nitaiandika upya, Binti wa Kwanza apewe Ufunguo Mkuu, mwana akae kando na kulia kama sheria inavyosema. Niambie tu unataka iweje, nitaandika neno kwa neno.

Nakuja. Nimekata tiketi ya basi ya tarehe kumi Desemba. Nitakusomea mwenyewe. Nilie mbele yako, unifukuze ukitaka.

Kidole.

29 Novemba

Kidole wangu,

Mpwa wako anaandika tena. Amejifunza kunyamaza nikiwa natafuta neno, ni msaada mkubwa. Namshukuru Mungu tunaamka. Nimeanza kujua nyumba kwa hatua: kumi na moja kutoka kitandani hadi mlangoni, sita hadi jikoni. Jana nilikunja nguo zote za kufuliwa mwenyewe, nikajisikia mtu.

Njoo. Sitakufukuza. Wewe ni mdogo wangu, sina mwingine wa kubadilisha. Ila usije na kurasa. Njoo mikono mitupu, tukae, unisimulie paa limeishia wapi na mchumba anafananaje.

Jina liweke. Sitajifanya silitaki, nimelitaka miaka ishirini na mitatu. Lakini ujue sitaliona. Utaniletea jalada, nitapitisha vidole juu yake, litakuwa laini kama karatasi nyingine yoyote. Hilo ulichelewa, na mimi nilichelewa kukwambia, tugawane.

Sura ya thelathini na moja usiifute. Nimefikiri siku nyingi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukuelekeza, Binti ashike hivi, ageuze vile, watu washangilie. Nikaona ni uongo. Hakupewa. Mama alikuwa na ufunguo mkononi akampa mwana, na lango likafunguka, na watu wakafurahi. Umeiandika vizuri, kuliko sura zako zote. Hata bila kujua umeandika kama ilivyotokea. Iache.

Tulimaliza kitabu juzi. Mwanangu aliposoma lango limefunguka, mwana akaingia na umati ukamfuata ukiimba, nilimwambia aendelee, nataka kujua Binti alikwenda wapi. Akasoma sherehe, akasoma mazishi ya Mama wa Lango, wanaume walivyofumua ndevu. Akasoma miaka saba ya amani. Akafika neno la mwisho na shukrani zako kwa familia.

Nikamwuliza, "Na Binti?" Akasema mara ya mwisho ametajwa amesimama kando ya kitanda.

Nikamwambia arudi, labda ameruka ukurasa. Alirudi akasoma tena zote, moja moja, kwa sauti. Hakuruka.

Dada yako.